Telekomande ya Lusenge

Siku ya pili baada ya ile kazi, karakana ya Zorobabel ilianza kunuka papaini. Mle ndani mlikuwa na betri, nyaya na mafuta machafu tu, lakini harufu ile chachu ya maziwa ya papai yaliyokaushwa ilishika hata nguo zake. Butembo nzima ilimjua aliyenuka vile: Lusenge, mfanyabiashara wa papaini, aliyekuwa akikaa benchi moja na Zorobabel kanisani. Na Lusenge alikuwa ameuawa mwezi uliopita, kwenye njia ya Beni.

Waasi waliichukua jeep yake pamoja na ufunguo. Telekomande, kile kidude cha kufungulia milango kwa mbali, hawakuipata, na bila hiyo king'ora kilikata moto wa injini. Waliivuta jeep hadi kambini kwao, wakaichoka. Komanda wao alikwisha kusema iachwe ioze. Katungu, mjane wa Lusenge, alikuwa akingoja waitupe tu, akaiombe.

Zorobabel alipita pale kambini kutengeneza taa. Hakuna aliyemwomba wala kumwelekezea bunduki. Akasema mwenyewe, "Mi naweza kuiwasha." Alitaka tu wajue kwamba mjini fundi wa kazi hiyo ni yeye peke yake.

Alileta telekomande nyingine, akajifungia ndani ya jeep, akawasha na kuzima kontakti, swichi ya ufunguo, mara tano mpaka milango ikagonga yenyewe, ishara kwamba gari linasikiliza. Akabonyeza. Gari likikubali telekomande moja, milango hugonga mara moja. Iligonga. Kisha, kidole chake kikiwa kimekwisha kutoka kwenye kitufe, ikagonga tena.

Komanda akauliza telekomande ile ya pili ni ya nani. Zorobabel akamjibu ni hitilafu ndogo, akawaachia jeep inanguruma, akaenda zake.

Tangu hapo, kila gari alilopanda lilimfungia. Mchana wa Alhamisi aliingia kwenye lori kuukuu la maharage kutoka Lubero, lori lisilo na waya hata mmoja mlangoni, na vitasa vikashuka kimoja, kisha cha pili, taratibu, kama vinavyosukumwa na kidole, harufu ikapanda kutoka chini ya kiti, ikamjaa puani na kooni, na kando yake kiti cha abiria kikabonyea kama kinavyobonyea mtu mzito akikaa, naye akabaki anatazama mbele tu, kwa maana aliona aibu kugeuka.

Vitasa vilipomwachia atoke, alimwita mama Élise, mwombezi wa kanisa. Mama Élise aliomba, akamwambia kwa sauti ya chini, "Huyu mi siwezi kumufukuza. Hakukuja kukuua. Kuna neno anangoja."

Zorobabel akaenda kwa Katungu, akamkuta anachambua maharage uani. Akapiga magoti, akaeleza habari ya jeep, na alipofika penye kosa lenyewe ulimi ukamteleza.

"Balinilazimisha, mama."

Katungu hakuinua macho. "Hapana. Lusenge alishaniambia. Hakuna mutu alikulazimisha. Na wakati ulikuwa unafanya ile kazi, ulikuwa unaimba."

Ni kweli aliimba, polepole, kwa furaha ya fundi. Lakini alikuwa peke yake ndani ya jeep, vioo vimepandishwa.

Katungu akasogeza kiti kimoja mbele yake. Cha pili, kilichokuwa kando yake, hakukigusa.

"Kaa, papa Zoro," akasema. "Anza tena. Anataka kusikia kwa kinywa chako."