Nyota Baada ya Herufi A

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wa chama cha kompyuta katika shule moja ya Malaba walifagia chumba chao. Walifunga madirisha ili vumbi la malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Uganda lisiingie, kisha wakawasha kompyuta yao moja. Haikuwa na picha za kubofya. Ilikuwa na kioo cheusi tu, na ukitaka kitu uliandika amri.

Adeke wa Gredi ya Saba alizijua amri hizo kuliko wote. Alijua kwamba mshale wa kuelekea juu hurudisha amri ya mwisho, kwamba kitufe cha Tab humalizia jina la faili, na kwamba nyota humaanisha "chochote kinachofuata". Sifa zilimpanda kichwani. Mtu akikosea, alimcheka mbele ya wote, na wote walicheka naye, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa pili kuchekwa.

Aliyechekwa zaidi ni Ajiko, aliyechapa kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mahindi. Muhula uliopita, nyanya yake alikuwa akija shuleni kila Ijumaa, akiketi kando yake na kumsimulia kwa Kiteso jinsi watu walivyovuka Mto Malaba kabla ya daraja. Ajiko alichapa papo hapo. Mwezi wa Agosti nyanya alifariki, na kurasa tisa alizochapa Ajiko hazikuwa zimeandikwa mahali pengine popote.

Ijumaa moja baada ya hapo, Mwalimu Okwara, mlezi wa chama, alipaswa kukusanya kazi zote saa tisa, azipeleke kwenye mashindano ya uandishi mjini Busia.

"Kila mtu afute rasimu zake za zamani, abakishe kazi safi," alisema. "Na sheria mnaijua. Kabla ya kufuta, andika ls uone orodha." Kisha akaitwa ofisini.

Ajiko aliketi. Akachapa r, akachapa m, ambayo ni amri ya kufuta, akaanza kutafuta herufi A.

"Wewe utamaliza Krismasi," Adeke alisema. "Toka hapo."

"Ngoja kidogo, niandike jina."

"Jina la nini? Unatuchelewesha. Hata nyanya yako alikuwa anasinzia akikungoja."

Watu wakacheka. Ajiko akainuka.

Adeke akaketi, akachapa A na kubonyeza Tab, lakini jina halikuja. Kila faili iliitwa kwa jina la mwenyewe. Tab humalizia jina ikiwa ni moja tu linaloanza hivyo, na huku kwetu, ambako Adeke, Ajiko, Akoth, Adongo na Apiyo hubanana dawati moja, herufi A pekee haitoshi. Angeongeza herufi chache tu. Lakini macho yote yalikuwa kwake na hakutaka kuonekana amekwama, kwa hiyo akaweka nyota.

rm A*

Akabonyeza Enter. Mashine haikuuliza kitu.

"Mmeona?" alisema.

Vivian ndiye aliyeandika ls. Orodha ilitoka fupi: Collins, Edinah, Okinyi, Perez, Vivian. Faili zote za wasichana wa A zilikuwa zimekwenda, na ya Adeke mwenyewe pia. Alibonyeza mshale wa juu, na kioo kikamletea tena amri yake. Mshale hurudisha ulichoandika, haurudishi ulichofuta.

"Na ya nyanya?" Ajiko aliuliza.

Mwalimu Okwara aliporudi alitafuta nakala, akakosa. Aliwapigia simu wasimamizi wa mashindano, nao wakampa hadi Jumatatu saa sita. Akamgeukia Adeke.

"Wenzako wana madaftari. Utachapa kazi zao zote. Yako itakuwa ya mwisho."

Adeke alichapa Jumamosi nzima na Jumatatu tangu alfajiri. Wenzake walisimama nyuma yake wakimtajia kila kosa na kucheka, kama alivyowazoeza. Mwalimu hakuwakataza. Saa ilipokaribia, kazi ya Adeke haikuwa imeanzwa, na ilibaki ya Ajiko, ambaye hakuwa na daftari. Alisimulia alichokumbuka, na zikatoka kurasa mbili. Majina ya waliokufa maji mtoni, ambayo nyanya aliyataja moja moja, yalikuwa yamempotea.

"Maliza hivi," Ajiko alisema. "Mengine nyanya aliyasema, Adeke akayafuta."

Vidole vya Adeke vikasimama. "Mwalimu, lazima?"

"Ni kazi yake. Andika."

Adeke akaandika, machozi yakimdondoka kwenye kibodi. Mwalimu alinakili kazi zote, kisha akavuta kiti karibu naye.

"Njia za mkato nilikufundisha mimi, na si mbaya," alisema. "Ungeanza na ls A*, ungeona majina yote unayotaka kufuta, na lako likiwemo. Ni sekunde moja tu. Hukuangalia kwa sababu ulikuwa na haraka ya kumwaibisha mwenzako. Ujuzi ni wa kusaidia watu, Adeke. Ukiutumia kuwadharau, utaharibu vitu ambavyo huwezi kulipa."

Adeke alisimama, akamwendea Ajiko mlangoni.

"Nisamehe, Ajiko."

"Nimesikia," Ajiko alisema. Akachukua mkoba wake, akaenda darasani.