Dakika Kumi Zisizo na Sauti

"Sikuahidi nyumba ya bati, sikuahidi pete," Imakulata alisema mbele ya kioo, mkono kifuani. "Nakuahidi kitu kimoja. Ukiniita, nitaitika. Hata nikiwa nimekasirika, nitaitika."

Akageuka, macho yanang'aa kama ya msichana.

"Baba Conso, imekaaje?"

Emilian alikuwa chini sakafuni anarekebisha waya wa maikrofoni. Kidole kikamteleza kwenye chuma cha moto cha kulehemu, akaungua, hata hakulia.

"Imekaa vizuri."

"Kesho nikimaliza risala nitamwomba ayaseme mwenyewe. Mara moja tu, kwa sauti yake. Miaka ishirini na sita nimeingoja siku hii, mume wangu!"

Kesho yake kwaya ya parokia ilikuwa inazindua video yake ya kwanza, na mgeni rasmi alikuwa Salehe Mwinyigogo. Ndiyo, Salehe mwenyewe, yule wa filamu ya *Mgeni wa Vuli*. Kwa wanawake wa Tabora waliovuka miaka arobaini, huyo hahitaji kuelezwa ni nani. Imakulata ndiye aliyechaguliwa kumsomea risala, na wiki nzima nyumba yao ya Chemchem haikuwa na habari nyingine. Kitenge kimeshonwa mara mbili. Galoni ya asali imefungwa utepe. Mume ambaye ndiye fundi wa spika siku hiyo hakuna aliyemuuliza kama amekula.

"Mama Conso," Emilian akajikaza. "Ile ya kumwomba aseme... iache."

"Kwa nini?"

"Mtu mzima yule. Atakuwa amesahau."

Imakulata akacheka.

"Maneno kama yale mtu hasahau. Wewe ungesahau, kwa sababu hujawahi kuyasema."

Emilian akainamia waya wake. Mwanaume wa watu alikuwa na jibu, tena lilikuwa kooni kabisa, ila koo la Emilian ndivyo lilivyo. Mbele ya uso wa mtu linafunga.

Sasa sikia kilichokuwa kinamtafuna.

Mwaka tisini na nane Emilian alikuwa kijana wa mitambo katika banda la video la mzee Ngassa, pale Kanyenye. Mkanda wa *Mgeni wa Vuli* ulifika kwa treni ukiwa umechoka, umepita kwenye deki za miji yote ya njiani. Siku ya kwanza banda limejaa hadi mlangoni. Picha safi, sauti safi. Kufika mwisho, pale stesheni, Salehe amemshika mpenzi wake mikono, mvua inanyesha, ukosi wa koti umemfunika mdomo nusu, sauti ikakata. Dakika kumi za mwisho, kimya. Watu wakaanza kuzomea na kupiga mabenchi.

"Shika maikrofoni hiyo!" Ngassa akamnong'oneza nyuma ya pazia. "Sema chochote. Picha si unaiona?"

Emilian akachungulia kwenye tundu la pazia. Hakuitazama picha. Alimtazama msichana wa benchi la pili, mwenye sweta la njano, machozi yamemjaa. Akamwambia yeye. Sikuahidi nyumba ya bati, sikuahidi pete. Maneno yalimtoka tu, kwa sauti nzito ambayo mchana hakuwa nayo, na banda zima likatulia. Mkanda ule ulionyeshwa mwezi mzima, na kila siku Emilian aliyarudia. Tabora nzima ikayashika. Msichana wa sweta la njano alirudi mara kumi na moja.

Huyo ndiye Imakulata. Alipomwoa, siri walikuwa wanaijua wawili. Ngassa akafariki, akabaki mmoja.

Na tangu ndoa, kila wakigombana, neno la Imakulata lilikuwa lile lile: "Salehe asingenifanyia hivi."

*

Ukumbi ulijaa. Salehe Mwinyigogo aliingia taratibu, mvi kichwani, mgongo bado umenyooka. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mwenyekiti wa kwaya, mama Apolinaria, akasahau ratiba. Imakulata akapanda jukwaani. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatetemeka? Mimi ni mtu tu."

"Si kwangu mimi, baba."

Ukumbi ukacheka kwa upendo. Mzee aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili, na Emilian, kule nyuma kwenye meza ya mitambo, akaona mke wake akifumba macho. Wivu ukamchoma. Kisha akaona haya, maana alikuwa anamwonea wivu nani hasa?

Risala ikasomwa. Ikaisha. Imakulata akaikunja karatasi.

"Baba, nina ombi langu mwenyewe. Yale maneno ya stesheni. Tuambie tena, hata mara moja."

"Maneno gani, mwanangu?"

"Sikuahidi nyumba ya bati, sikuahidi pete. Nakuahidi kitu kimoja. Ukiniita..."

"Nitaitika!" wanawake wa ukumbi mzima wakamalizia, kisha wakapiga makofi.

Salehe hakupiga. Alikuwa anawatazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Akasogeza maikrofoni mdomoni.

"Jamani, msinichukulie vibaya. Mimi sijawahi kusema..."

Emilian akashusha sauti ya maikrofoni hadi sifuri. Ndicho pekee alichoweza kukifanya. Lakini aliyekuwa pale ni mwigizaji wa jukwaa wa siku zile ambazo hakukuwa na spika. Mzee aliigonga maikrofoni, ikakaa kimya, akaiweka chini, akafungua kifua.

"Sijawahi kusema maneno hayo! Pale stesheni namwambia asinisubiri. Namwambia nina mke Pangani na watoto watatu. Ndiyo maana yule binti analia!"

Sauti ilifika hadi ukuta wa nyuma. Mtu mmoja akacheka, akafuatiwa na wa pili, halafu ukumbi wote.

"Mayo, mama wee!" mama Apolinaria akashika mdomo. "Tumelilia mume wa mtu!"

Imakulata hakucheka. Alisimama pale na kitenge chake kipya, tabasamu limemgandia usoni.

"Ila ni maneno mazuri kuliko yangu," mzee akaendelea kwa upole, maana aliona amemuumiza. "Aliyeyasema ningependa nimpe mkono. Mnamjua?"

Watu wakageuziana macho. Maikrofoni ya fundi ilikuwa mezani mbele ya Emilian, taa yake ya kijani inawaka. Alikuwa na nafasi kubwa kuliko aliyowahi kupewa na Mungu. Akaishika. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Hakikutoka kitu.

Akabonyeza wimbo wa kwaya.

Muziki ukalipuka kabla ya zamu yake. Imakulata akageuza shingo polepole akamtazama. Fundi asiyekosea, amekosea.

*

Nyumbani hakuvua hata kitenge. Alikaa sebuleni, kasha tupu la mkanda ule wa zamani, alilopewa na Ngassa, likiwa mapajani.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kuyasema," alisema. "Nimempenda mtu ambaye hayupo. Na wewe nimekutesa bure kwa ajili yake. Nisamehe, Baba Conso."

Hapo Emilian alimezwa na aibu. Kuombwa msamaha yeye! Akasimama, akatoka nje, akazunguka mpaka nyuma ya jiko, akaegemea ukuta. Akatoa simu.

*"Upo?"*

*"Si umeniacha sebuleni sasa hivi,"* ukarudi ujumbe.

Akapiga.

"Baba Conso, una akili kweli? Unanipigia simu kutoka jikoni?"

"Usikate. Nikikuona uso, siwezi."

"Huwezi nini?"

Akafumba macho. Akavuta pumzi. Ikaja ile sauti nzito ya nyuma ya pazia, yenye vumbi la miaka ishirini na sita.

"Sikuahidi nyumba ya bati, sikuahidi pete. Nakuahidi kitu kimoja. Ukiniita, nitaitika. Hata nikiwa nimekasirika, nitaitika."

Simuni kasha la mkanda likasikika likianguka sakafuni.

"Rudia," Imakulata akasema.

Akarudia.

"Ni wewe."

"Ni mimi. Mkanda ulikuwa mbovu. Ulikuwa umevaa sweta la njano. Nilikuwa nakwambia wewe."

"Emilian, ulinificha kwa nini?"

"Siku ya kwanza nakusindikiza nilitaka kusema. Ukaniambia unamtaka mwanaume kama Salehe. Nikaogopa. Nikaona utamtazama yeye, unitazame mimi, halafu ucheke."

"Ningecheka, ndiyo! Ningecheka nikakukubali siku hiyo hiyo!" Sasa alikuwa analia waziwazi. "Unajua ulichonifanyia? Miaka yote hii nakupima. Kila siku nakupima na yule mtu, na kila siku unapungua. Kumbe nakupima na wewe mwenyewe! Nimdai nani miaka yangu, Emilian? Nimdai nani?"

Simu ikakatwa.

Siku tatu Imakulata hakufungua mdomo. Chakula aliweka mezani, maji ya kuoga aliweka, neno hakuna. Emilian alikaa ndani ya nyumba yake kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina hospitali. Akaacha kwenda kazini. Alikaa kwenye kigoda mlangoni kutwa nzima, asije akaitwa akiwa mbali. Binti yao Consolatha akatuma ujumbe kutoka chuoni Mwanza:

*"Baba, mama kanipigia analia, halafu anacheka, halafu analia tena. Umemfanya nini?"*

*"Nimemwambia ukweli nikiwa nimechelewa,"* akajibu.

Alhamisi mchana, jiko linafuka moshi, ikasikika sauti.

"Emilian."

Si Baba Conso. Jina lake.

"Naam."

Sufuria ikafunikwa.

"Emilian."

"Naam."

"Nimekasirika."

"Najua."

"Nimekasirika na sijui itaisha lini. Inaweza kuwa mwaka."

"Sawa."

Akasubiri. Ndani ya jiko mwiko ukasimama. Imakulata alikuwa anakumbuka. Alikuwa anapitia moja moja, mara ngapi katika miaka ishirini na nne ya ndoa amemwita mume huyu, kwa hasira, kwa homa, kwa uchungu wa kujifungua, kwa panya tu aliyepita darini, na mara ngapi hakuitikiwa. Alitafuta hata mara moja. Hakuipata, na hilo ndilo lililomliza upya, mwiko mkononi.

"Emilian!"

"Naam."

"Njoo. Njoo usimame hapa mbele yangu, unitazame, uyaseme."

Emilian aliinuka. Akaingia jikoni, akasimama mbele ya ule uso uliovimba kwa kilio, akafungua mdomo. Koo likafunga, kama kawaida yake. Midomo ikacheza, sauti hakuna. Macho yake yakajaa maji kwa kushindwa.

Imakulata aliitazama ile midomo mpaka ilipomaliza.

"Nimesikia," akasema, akamwekea ugali.