Nafasi ya Ngumi Moja

Walikutana siku ya soko, kwenye duka la kuchapisha ramani mjini Machakos, watu wamesongamana hadi mlangoni. Nthenya, mchoraji wa ramani za nyumba, alivaa sketi ya kijani na kukumbatia karatasi ndefu. Mutinda, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa na macho ya kuchokoza na ovaroli iliyotobolewa na cheche.

"Sasa, madam. Hiyo reli ya roshani umechora, mtoto akiingiza kichwa?"

"Kwani wewe ni askari wa reli?"

"Mimi ndio huzichomelea." Akakunja ngumi, akaiweka juu ya karatasi. "Kati ya chuma na chuma, ngumi moja. Hapo hata paka anarudi kwao."

Nthenya akacheka, na namba ya simu ikatoka. Kufikia Krismasi alikuwa akiitwa mwendwa, yaani mpenzi kwa Kikamba, kila simu, na Mutinda alikuwa amepanga kumpeleka Kathiani akamwone mamake.

Ngumi ile Nthenya aliiingiza kwenye kompyuta. Katika programu ya kuchora majengo alitengeneza reli moja ya kutumika kila nyumba: ukiivuta inarefuka, ukiisukuma inafupika. Vyuma tisa, ngumi moja katikati. Alijivunia kazi yake, maskini. Hakuona kwamba kompyuta ameipa idadi ya vyuma badala ya nafasi. Alipoivuta kwa roshani ndefu ya mteja wa Kangundo, vyuma vilibaki tisa vile vile, vimeachana.

Mutinda, aliyepewa kazi ya kuichomelea, aliona, akapiga simu.

"Mwendwa, hizi nafasi si ni kubwa? Ngumi inapita na kiwiko."

"Kompyuta haikosei, mpenzi. Fuata ramani."

"Una uhakika?"

"Kwani huniamini?"

Alimwamini, na hilo ndilo lililomponza.

Siku ya kukabidhi nyumba, mjukuu wa mteja alipenya kwenye reli hadi kiunoni kabla hajadakwa. Festus, bosi wa Nthenya, akamgeukia Mutinda mbele ya watu. "Fundi gani huyu hajui kupima?" Mutinda akamtazama Nthenya. Nthenya akatazama viatu vyake. Alinyamaza kwa woga wa kupoteza kazi, na sitamtafutia sababu nyingine.

Jioni Mutinda alipiga simu mara moja tu. "Ungesema ukweli tu, Nthenya. Yaliyobaki ningejitetea mwenyewe." Akakata.

Nthenya aliyangoja machozi, hayakuja. Miezi miwili alikula bila kuonja, akavaa kilichokuwa karibu. Kamanthe wa dawati la pili akimwuliza hali, alijibu, "Niko sawa," na hakuwa akidanganya. Hakuwa na huzuni wala furaha. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mkono uliolaliwa.

Kisha ikaja nyumba nyingine yenye roshani ndefu. Akaifungua reli yake, akaivuta, akaona vyuma tisa vinavyoachana. Akakaa akivitazama hadi chai ikapoa. Ndipo akairekebisha: nafasi ibaki ngumi moja, idadi ijihesabu yenyewe kwa urefu. Akavuta tena. Kumi na tatu. Kumi na tisa. Vyuma vikaongezeka bila kuombwa.

Akainuka, akaingia kwa Festus, akasema kosa ni lake. Akampigia simu mteja wa Kangundo mbele yake, akarudia. Halafu akaenda kwa mafundi wa jua kali, kwenye karakana ya Mutinda.

Mutinda alimaliza kwanza chuma alichokuwa akikisaga. "Umepotea njia?"

"Nimewaambia, Festus na mwenye nyumba. Ni mimi nilikosea. Festus amesema niende nyumbani mpaka aniite."

"Na unasikiaje?"

"Sisikii kitu. Tangu siku ile sisikii kitu, Mutinda."

Mutinda akamtazama sana. "Mama aliambiwa kanisani mtoto wake hajui kupima. Jumapili tutaenda Kathiani, umwambie mwenyewe."

"Niende kama nani?"

"Kama mwenye kosa." Akavua glavu, akamshika mkono. "Ukimaliza hapo, kama bibi yangu. Ukikubali."

Kiganja chake kilikuwa kikavu, kina moto wa kazi, na Nthenya aliusikia moto ule hadi kwenye bega. Yale machozi ya miezi miwili yakaja yote kwa pamoja.

"Nakubali," akasema.

"Basi lia haraka, mwendwa. Niko na reli ya Kangundo ya kurudia, na nataka unihesabie vyuma."