Chai ya Uzi wa Kijani

Febronia alikufa Jumapili alfajiri katika zahanati ya Mitundu, mikono imefungwa kwa kanga ili asijirarue uso. Jumamosi mchana alikuwa mzima, ameketi nje ya ofisi ya kata akionja chai mbele za watu. Kufika saa tatu asubuhi mji wote ulikuwa umeshaamua kwamba muuaji ni Selina, kwa kuwa chai ilikuwa yake.

Sajenti Antipasi alifika kutoka Itigi juu ya lori la mbao. Alimkuta Selina amefungiwa stoo ya ofisi ya kata, mgambo mmoja mlangoni, na nje vijana na wanaume wazima wenye mapanga.

"Tupe huyo mchawi, Sajenti," alisema mmoja. "Wewe rudi Itigi ukale pilau yako ya Jumapili."

"Kuna kaburi la kuchimba," Antipasi alijibu. "Mwenye nguvu za kushika panga anazo za kushika jembe. Nendeni."

Wachache walikwenda. Wengine walisogea nyuma kidogo, wakachutama.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila aliyeweza kufunga kitu kwenye karatasi na kumpata mnunuzi aliuza. Mfanyabiashara mmoja wa Dodoma alitaka chai ya viungo, ile ya vifuko vyenye uzi, apeleke kwenye maduka ya stesheni za reli. Mitundu walikuwapo watengenezaji wawili. Selina, mjane, alitia mchaichai na mdalasini. Mathayo mwenye duka alitia tangawizi na iliki. Mfanyabiashara alisema atachukua ya mmoja tu, na ichaguliwe kwa ulimi, si kwa undugu.

Waonjaji walikuwa watatu: mfanyabiashara mwenyewe, Mzee Enock wa kanisani, na Febronia, mpishi wa harusi ambaye ulimi wake haukubishiwa. Msimamizi alikuwa Filipo, mtoto wa Febronia. Alikuwa mwonjaji kwenye kiwanda cha chai huko Mufindi mpaka kiwanda kilipouzwa na wafanyakazi kupunguzwa. Yeye ndiye aliyepokea vifuko Ijumaa jioni na kubadilisha nyuzi zote, moja kijani, nyingine nyeupe, ili pasiwe na anayejua chai ni ya nani.

Mfanyabiashara alikuwa ameshaondoka Jumamosi jioni, kwa hiyo Antipasi alianza na Mzee Enock, nyumbani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu kiti. Ila usinidai nikukumbuke sura, mwanangu. Tangu jana macho yangu yanaona ukungu, na mdomo umekauka kama nimekula majivu."

"Jana mlionjaje?"

"Kila mtu na meza yake, mikeka imetutenga tusisomane nyuso. Filipo alikuwa jikoni nyuma, anachemsha na kutuma vikombe. Alituambia na kurudia: vuta kijiko kimoja, zungusha mdomoni, tema kwenye ndoo, hata tone lisipite kooni. Mimi mzee wa kanisa, natema mbele ya watu kama mtoto anayeota meno!"

"Ya kijani ilikuwaje?"

"Chungu. Viungo vizuri, lakini nyuma yake uchungu wa ajabu. Nikatema."

"Na Bi Febronia?"

"Nilimsikia ng'ambo ya mkeka akisema chini kwa chini, 'Huu mkono wa Selina.' Ameijua kwa harufu. Baadaye tulipoinuka niliona ndoo yake kavu, na kikombe cha kijani kitupu kabisa."

"Kwa nini anywe chai chungu mpaka mwisho?"

"Wewe kwenu wapi?"

"Kasulu."

"Basi ndiyo maana. Wale wawili waligombana, mbuzi wa Selina walikula alizeti ya Febronia. Tangu hapo hawajala nyumba moja. Huku, mtu mliyegombana naye akikupa kinywaji mbele ya watu, ukakitema au ukabakiza, umeshamwita mchawi. Hakuna kesi tena, umemmaliza. Febronia alikuwa na mdomo mkali, lakini hakuwa mtu wa kusingizia. Alimaliza kikombe ili Selina asisemwe."

Antipasi alishukuru na kutoka. Njiani alilipanga jambo hilo kichwani. Enock alitema, na bado macho yalimsumbua. Kwa hiyo sumu haikutiwa kwenye kikombe cha Febronia peke yake. Ilikuwa kwenye birika zima, au kwenye vifuko.

Zahanati alimkuta Leah, muuguzi, bado amevaa sare ya usiku.

"Mwili ulikuwa wa moto, mkavu," Leah alisema. "Mboni za macho zimetanuka. Anaokota vitu hewani, haongei la maana. Nilimuuliza mwanawe, amekula nini, amekunywa nini? Filipo akasema mama ana malaria, imempanda kichwani, ana siku tatu anatetemeka. Nikamtundikia kwinini."

"Hakutaja chai?"

"Hata mara moja. Ningeambiwa chai ningemtapisha mapema. Habari ya chai nimeisikia asubuhi kwa watu, maiti ikiwa imeshafunikwa."

Kule stoo, Selina alikuwa ameketi juu ya gunia la mbegu. Hakulia.

"Unasemwa umemuua kwa ajili ya mbuzi."

"Afande, kama ningetaka kumuua Febronia, ningechagua chai yangu, siku yangu, mbele ya mnunuzi wangu? Mbona hata mjinga anachagua siku?"

"Chai yako ina uchungu?"

"Nenda nyumbani kwangu. Dorika binti yangu atakuchemshia vilivyobaki. Mwenyewe nimeshona kila kifuko."

Antipasi hakwenda. Alimtuma mgambo alete vifuko viwili kutoka kwa Dorika, naye akavitoa vitatu vya uzi wa kijani vilivyobaki jikoni mwa ofisi. Alivipasua vyote juu ya sahani. Vya nyumbani vilikuwa na majani meusi, vipande vya mchaichai na mdalasini. Vya uzi wa kijani vilikuwa na hivyohivyo, na zaidi chenga za jani jingine lililokaushwa, pamoja na mbegu ndogo bapa, za kahawia. Mgambo alizijua papo hapo. Ni za ule mmea wa jalalani wenye maua meupe kama tarumbeta na matunda ya miiba. Mitundu kila mama humchapa mtoto anayeuchezea.

Alimwita Mathayo. Alikuja na koti, jasho linamtoka.

"Selina akianguka, anayebaki ni wewe," Antipasi alisema.

"Najua watu watasema. Lakini fikiri, afande. Vifuko nilimpa Filipo nikaondoka. Nyuzi kabadilisha yeye. Jana mpaka wanaonja sikujua yangu ni nyeupe au kijani. Ningetia sumu ipi?"

"Ungeshinda, nani angekuonjea chai yako kila siku?"

Mathayo alikuna shingo. "Filipo. Nilimwambia nikipata ile biashara, yeye ndiye fundi wangu. Mtu ana ujuzi, anashinda kijiweni anacheza bao. Kumwahidi kazi ni kosa?"

"Hapana. Nenda kamlete."

Wakati huo mgambo aliingia bila kubisha. "Afande, kuna moshi kwa Selina."

Walikimbia. Wale waliochutama nje asubuhi hawakuwapo tena. Nyumba ya Selina ilikuwa imeshika moto kote, paa la nyasi limeanguka ndani. Majirani walikuwa wamemlaza Dorika chini ya ukuta wa jirani. Alikuwa ametolewa nje salama, kisha akarudi ndani kuchukua cherehani. Chuma kilikuwa cha moto. Hakukiachia mpaka alipofika uani.

Saa kumi jioni Antipasi aliwaketisha ofisini Filipo, Mathayo, Mzee Enock na Selina. Kutoka msibani vilio vilisikika. Filipo alikuwa amenyoa kichwa.

"Nitasema mimi kwanza," Antipasi alianza. "Anayetaka kuua mtu mmoja hatii sumu kwenye vifuko vyote, tena mbele ya mnunuzi. Na anayetaka kuua hawaambii watu wateme. Huyu hakutaka kuua. Alitaka chai ya Selina iwe chungu, ishindwe. Mathayo hakujua uzi upi ni wa nani. Selina hawezi kuiharibu yake. Vifuko vililala kwa nani, Filipo?"

"Kwangu. Lakini marehemu ni mama yangu! Unanitazama hivyo mimi?"

"Ndiyo. Tangu asubuhi mji wote unasema chai, chai. Wewe peke yako, usiku, ulisema malaria. Mzee Enock, Bi Febronia alikuwa anaumwa wiki hii?"

"Alhamisi alipika ubwabwa wa ubatizo, sufuria mbili. Alikuwa anaimba."

Filipo alitazama sakafu.

"Kwa nini hukutumia mwarobaini?" Antipasi aliuliza. "Nao ni mchungu."

"Mwarobaini kila mtu anaujua," Filipo alisema polepole. "Wangejua umetiwa." Alipandisha pumzi. "Kiwandani tulionja majani yenye ukungu, yenye dawa ya wadudu. Unatema. Hakuna aliyekufa. Niliwaambia wateme. Wote niliwaambia!"

"Mama yako hakutema," alisema Mzee Enock. "Alimaliza kikombe."

"Kwa nini? Alikuwa anajua kuonja kuliko mimi! Kwa nini amalize?"

Selina alimjibu, sauti ndogo. "Kwa sababu ilikuwa yangu. Alitaka watu waone hanishuku. Ungekuwa umekaa nyumbani ungejua, Filipo. Umekaa na chai mpaka umesahau watu."

"Ulijua lini kuwa ni ile chai, Filipo?" Antipasi aliuliza.

"Alipoanza kuokota vitu hewani."

"Leah alikuuliza amekunywa nini."

"Ningesema, ningefungwa. Nikadhani mpaka asubuhi sumu itamtoka. Watoto wakiila huwa inawatoka."

"Na asubuhi, walipomtaja Selina?"

Mathayo alivua koti, akalikunja magotini, akasogeza kiti chake mbali naye. Antipasi alitoa pingu.

Febronia alizikwa siku hiyohiyo, mwanawe hayupo kaburini. Filipo alihukumiwa kwenda jela miaka kumi na miwili. Waliochoma nyumba hawakupatikana, kwa kuwa hakuna jirani aliyekubali kuwataja. Mzee Enock hakusoma tena Biblia kanisani, macho hayakurudi sawasawa. Mfanyabiashara wa Dodoma alinunua chai kwingine, na Mathayo alirudia kuuza sukari na mafuta ya taa. Selina alihamia Manyoni na binti yake, bila nyumba na bila mbuzi. Dorika alipona, lakini vidole vinne vya mkono wa kulia na viwili vya kushoto havikunjiki. Alikuwa na miaka kumi na saba.