Kobe Mwenye Mwavuli na Kompyuta Iliyochomolewa

Kila asubuhi Mama Darizi alianza kazi kwa namna ileile. Alifagia chumba cha kazi, akafungua dirisha, akaondoa kitambaa kilichofunika kompyuta. Kisha alichomeka waya ukutani na kubonyeza swichi. Kioo kikiwaka, wa kwanza kutokea alikuwa kobe mwenye mwavuli mwekundu. Kobe huyo alimchora mwenyewe. "Umeamkaje, mzee?" humwambia, halafu huvuta kiti.

Asubuhi hiyo kobe hakutokea.

Kioo kilikuwa cha buluu, kitupu. Alama ndogo chache zilikaa pembeni, na nyingine hakuzijua. Alitafuta folda ya michoro yake. Haikuwepo. Twiga mwenye skafu hayupo. Tembo anayepuliza mapovu ya sabuni hayupo. Mama Darizi alitafuta tena, asione kitu.

Alimwita mumewe. Mumewe alikuwa fundi wa nguo, na watu wote walimwita Fundi, hata mkewe. Yeye alikata na kushona. Mkewe alichora wanyama na maua kwenye kompyuta, kisha mashine ya kudarizi ikayashona juu ya kitambaa. Wateja walipokuja kusifu maua hayo, walimpa Fundi mkono. Mama Darizi aliinamia mashine yake na kutabasamu. Kuzungumza na wageni kulimtoa jasho.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wodi mpya ya watoto ilitaka mapazia yenye wanyama. Vyumba viwili vya ushonaji vilikuwa vimebaki katika kinyang'anyiro, na chao kilikuwa kimojawapo. Saa nne muuguzi mkuu angepiga simu ya video ili aone michoro, kisha achague.

"Na michoro haipo," alisema Mama Darizi.

Fundi alikuna kichwa. Jana jioni kompyuta ilileta ujumbe kwamba toleo jipya la mfumo liko tayari. Mfumo ni ile programu kubwa inayoendesha kompyuta yote. Fundi alifurahi, akasema hata kompyuta inataka kuvaa nguo mpya, akabonyeza "Ndiyo". Akakiacha kiduara kikizunguka kwenye kioo, akaenda kuoga.

Sasa aliketi na kuanza kubonyeza huku na huku. Ujumbe mdogo ulitokea pembeni. Akaufunga bila kuusoma, kama mtu anayefukuza nzi. Mwishowe akafika mahali palipoandikwa "Rudisha kompyuta iwe kama mpya". Akaridhika. Mshono ukienda upande, alisema, unaufumua wote na kuanza upya.

Mama Darizi hakungoja amalize. Alitoka mbio kwenda nyumba ya pili, kwa Mama Pacha. Jirani huyo alifundisha kompyuta chuoni, na siku hiyo hakuwa na kipindi cha asubuhi. Alikuwa akifua nguo za pacha wake. Alikuja na povu mikononi.

"Shemeji, toa kidole hapo," alisema mlangoni.

Fundi akakitoa kana kwamba kibodi imemuunguza. Mama Pacha alifuta mikono na kuinama kusoma. Aliwaeleza kwamba kitufe hicho kingefuta kila kitu, michoro na yote. Mtu hukigusa mwisho kabisa, baada ya kujaribu njia nyingine zote, na baada ya kuweka nakala za kazi zake mahali pengine.

"Nakala mnazo?" aliuliza.

Mume na mke walitikisa vichwa. Hawakuwa nazo.

Mama Pacha hakuwagombeza. Aliuliza tu kama umeme ulikatika jana usiku. Fundi alisema hapana. Mama Darizi alisema hapana, taa ziliwaka vizuri.

Ndipo Bi Mkubwa alipoinua uso. Huyu alikuwa mama yake Fundi. Alikuwa amekaa kwenye stuli yake akikata nyuzi zilizobaki kwenye mashati.

"Umeme haukukatika," alisema kwa majivuno. "Nilichomoa mimi. Si kila jioni nachomoa?"

Ilikuwa kweli. Zamani pasi iliachwa kwenye umeme katika chumba hicho, ikatoboa meza na kuharibu suti ya bwana harusi. Tangu hapo Bi Mkubwa aliweka sheria. Kabla ya kulala, kila waya hutoka ukutani. Waya wa pasi, wa cherehani, wa mashine ya kudarizi, wa kompyuta.

"Mama, hukuona kuna kitu kinazunguka?" aliuliza Fundi.

"Nilikiona. Kinazunguka, hakifiki popote. Nikasema kitapata kizunguzungu, nikakipumzisha."

Mama Pacha alicheka mpaka akashika meza. Kisha aliwaeleza polepole. Kompyuta inapobadilisha mfumo, ni kama nyumba inayohamiwa. Vitu vya zamani vimetolewa, vipya bado viko mlangoni. Ukikata umeme wakati huo, kila kitu kinabaki njiani. Kwa bahati nzuri, mara nyingi kompyuta yenyewe hukumbuka ilipoishia. Sheria ya Bi Mkubwa aliisifu, kwa sababu imeokoa nyumba hii na moto. Ila kompyuta huzimwa kwanza kwenye menyu yake, na waya huchomolewa kioo kikiwa kimezimika chenyewe.

"Sasa soma huo ujumbe ambao shemeji aliufukuza," alimwambia Mama Darizi. Ulikuwa umerudi.

Mama Darizi alisoma kwa sauti. "Umeingia kwa akaunti ya muda. Faili zako hazionekani hapa. Kazi utakayohifadhi hapa itafutika."

"Hazionekani. Haikusema zimepotea," alisema Mama Pacha. "Kompyuta imeshindwa kufungua chumba chako, ikakukaribisha sebuleni. Vitu vyako naamini viko chumbani."

Mama Darizi alishusha pumzi. Jirani yake hakukaa kwenye kiti. Alimsukuma yeye akae, akamwambia ashike kipanya, maana siku nyingine jirani atakuwa chuoni. Wakafungua menyu na kuchagua "Anzisha upya". Kioo kikazimika, kikawaka, kikaandika kwamba kinakamilisha kazi na kompyuta isizimwe. Namba zikaanza kupanda, taratibu mno.

Hakuna aliyeshona. Fundi alizunguka meza ya kukatia. Namba zilifika katikati, zikasimama. Fundi alinyoosha mkono kuelekea swichi, na mama yake akamkata jicho. Bi Mkubwa alikuwa ameisogeza stuli yake hadi ukutani. Alikaa mbele ya soketi, magoti mbele, mkasi mkononi.

"Atakayegusa waya huu leo apitie kwangu," alisema.

Namba zikapanda tena. Kioo kikaomba nenosiri. Mama Darizi aliliandika herufi moja moja.

Kobe akatokea na mwavuli wake.

Mama Darizi aliweka mikono yote miwili mdomoni. Fundi alimshika mabega akamtikisa. Walifungua folda. Twiga yupo, tembo yupo, hata kuku mwenye miwani ambaye hakumaliza kumchora yupo. Fundi alitaka kwenda kuvaa koti lake zuri hapohapo, lakini Mama Pacha aliwazuia. Aliomba flashi. Michoro yote ikanakiliwa humo, flashi ikaingia kwenye kabati. Aliwaambia wafanye hivyo kila wiki, na kila mara kabla ya kukubali mfumo mpya, kwa sababu kazi iliyo mahali pamoja tu inaweza kupotea siku yoyote.

Muda ulikuwa umebaki mdogo. Walifungua programu ya simu za video. Badala ya sura zao wakaona weusi, na maneno kwamba programu hairuhusiwi kutumia kamera.

"Jana tu iliruhusiwa," alilalamika Fundi.

Mama Pacha alisema mfumo mpya ni kama mlinzi mpya getini. Hawajui wenyeji, anamzuia kila mtu mpaka umwambie huyu mruhusu. Alimwongoza Mama Darizi afungue "Mipangilio", kisha "Faragha", kisha "Kamera". Swichi ilikuwa imezimwa. Mama Darizi aliiwasha, na chumba chote kikatokea kwenye kioo, pamoja na Bi Mkubwa na mkasi wake.

"Huyo bibi mnene ni nani?" aliuliza Bi Mkubwa.

Mashine ya kudarizi nayo ilikuwa haitambuliwi na kompyuta. Mama Pacha alisema hiyo ingoje. Mashine hiyo inahitaji programu yake ndogo inayolingana na mfumo mpya, nayo wataichukua baadaye kwenye tovuti ya waliotengeneza mashine, si kwenye matangazo yanayorukaruka na kudai kompyuta ina virusi. Kwa sasa walihitaji picha na sauti tu. Akakimbilia kwake ili awapigie kwa simu yake kama majaribio.

Sura yake ilitokea. Midomo ilicheza. Hawakusikia kitu.

"Amekauka sauti, maskini," alisema Bi Mkubwa.

Fundi alitoa kichwa dirishani akapaza sauti kwamba hawasikii. Mama Pacha naye akajibu kwa kupaza sauti kutoka dirisha lake, na mtaa mzima ukapata somo. Wabonyeze alama ya spika chini pembeni, waone sauti imeelekezwa wapi. Mama Darizi alitazama. Mfumo mpya ulikuwa ukipeleka sauti kwenye kioo, na kioo chao hakina spika. Alichagua zile spika mbili za mezani. Mara sauti ya Mama Pacha ikajaa chumbani, ikisema haloo, haloo, mwanisikia?

Walimsikia. Yeye hakuwasikia. Aligusa sikio na kutikisa kichwa.

Fundi alirudi dirishani kuita tena, lakini mkewe alimvuta shati.

"Ngoja. Ni yule mlinzi," alisema.

Alifungua "Mipangilio" bila kuambiwa. Akafungua "Faragha". Chini ya kamera kulikuwa na neno "Maikrofoni", na swichi yake ilikuwa imezimwa vilevile. Akaiwasha.

"Jirani, unanisikia?"

"Nakusikia mpaka pumzi," alijibu Mama Pacha, na Mama Darizi akacheka kwa sauti ambayo mumewe hakuwa ameisikia siku nyingi.

Walipanga kama walivyozoea. Fundi alivaa koti na kukaa mbele ya kamera. Mama Darizi alikaa pembeni, mahali asipoonekana, akishika kipanya ili abadilishe picha. Saa nne ilipofika simu ikalia, na muuguzi mkuu akatokea, mwanamke wa makamo mwenye kofia nyeupe, miwani na macho makali. Alisalimu na kuomba kuona kazi.

Fundi alieleza kitambaa na mishono bila kukwama. Picha zikapita moja moja. Muuguzi alizitazama zikipita mpaka kobe alipotokea. Hapo aliomba picha isimame.

"Huyu nampenda," alisema. "Kwa nini ana mwavuli?"

Fundi alikohoa. "Mwavuli... kwa ajili ya mvua, mama."

"Ana gamba. Mvua inamtisha nini?"

Fundi alimtazama mkewe kwa pembe ya jicho. Mama Darizi alimnong'oneza jibu. Fundi akaanza kulirudia, akakosea nusu yake.

"Subiri kidogo," alisema muuguzi. "Nasikia sauti nyingine hapo. Ni nani?"

Maikrofoni ilikuwa imeruhusiwa sasa, na ilikuwa imepeleka mnong'ono wote. Fundi aliinuka polepole. Alikishika kiti chake kwa mgongo na kukisogeza kwa mkewe. Mama Darizi alitikisa kichwa. Fundi hakuondoa mkono kwenye kiti.

"Mkwe wangu, kaa," alisema Bi Mkubwa kutoka pale penye soketi. "Mimi nalinda umeme."

Mama Darizi alikaa. Uso wake ukajaa kwenye kioo. Alianza kwa sauti ndogo, akaambiwa aongeze kidogo, akaongeza.

"Mwavuli si wake," alisema. "Anambebea mwenzake. Mtoto anayeumwa kila mtu humwambia apone haraka. Nilitaka awe na rafiki mmoja asiyemharakisha, anayekaa naye tu, ameshika mwavuli."

Muuguzi mkuu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. Kisha alisema hana haja ya kutazama zaidi. Mapazia yote yashonwe hapo, na kobe akae kwenye dirisha linalotazamana na vitanda. Nyuma ya Mama Darizi, Fundi aliziba mdomo kwa mkono wa koti ili asipige kelele.

"Jambo moja tu," alisema muuguzi akichukua kalamu. "Chini ya kila pazia tunataka lidariziwe jina la mwenye kazi. Tuweke nini, jina la duka?"

Mama Darizi alifungua mdomo kusema ndiyo, la duka, kama siku zote. Aliufunga. Kisha akasogea karibu na maikrofoni.

"Weka langu," alisema. "Nimewachora mimi."