Siri Iliyoshonwa kwa Mkono

“Usinifundishe mshono wa Fundi,” Redio alisema, mikono kiunoni, katikati ya ua. “Gauni nililovaa kwenye harusi ya mwanangu alilishona yeye. Mkono huo naujua kuliko kidole changu.”

Muuza mkaa alimjibu kwamba siri zile hazikuwekwa pale zichambuliwe kama mchele. Redio akacheka, akasema kilichoanikwa uani ni cha uani.

Ndugu zangu, Redio si jina alilopewa na wazazi wake. Tulimpa sisi, na hatukukosea. Lakini redio bila wasikilizaji ni kisanduku tu, na siku ile ua mzima ulikuwa umetega masikio.

Wiki moja kabla, binti mmoja mchoraji alikuja kwenye jengo letu la vyumba ishirini, akatandaza shuka jeupe ukutani. Akagawa vikaratasi na pini. Kila mtu aandike siri yake bila jina, aibandike, moyo upumue. Mmoja alikiri kuiba hereni za dada yake. Mwingine akakiri kwamba yeye ndiye anayemaliza maji ya pipa na kumsingizia jirani mjamzito. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Fundi, mshona nguo wa jengo letu, naye aliandika. Mumewe ni dereva wa malori, huonekana nyumbani mara moja kwa miezi miwili. Nyuma aliacha watoto wawili, cherehani, na mama mzazi aliyepigwa na kiharusi miaka mitatu iliyopita. Fundi ndiye aliyemlisha mama mkwe uji kwa kijiko, akafua mashuka yake, akamgeuza kila baada ya saa mbili ili mgongo usiote vidonda. Siku aliyoandika alikuwa anayumba kwa usingizi. “Nimemwomba Mungu amchukue mama. Nimechoka.”

Aliandika kwa mkono wa kushoto ili asijulikane. Lakini pini hakuitumia. Mikono iliyozoea kazi haivumilii kitu kining’inie ovyo. Akachomoa sindano iliyokaa kwenye ukosi wa gauni lake, akakishona kikaratasi kwa mishono midogo midogo, na mwisho akapiga fundo lake la mara tatu. Hapo ndipo alipoandika jina lake bila kujua.

Kabla jua halijatua, maneno ya Redio yalikuwa yamemfikia wifi yake Fundi, dada wa mumewe, mtaa wa tatu. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao, hata vilivyokwisha kukatwa. Kesho yake wifi akaja na teksi.

“Wifi, nisikilize kwanza,” Fundi alisema.

“Nikusikilize nini? Umeandika mwenyewe. Unataka kumuua mama yetu.”

“Kama nilitaka kumuua, miaka mitatu nilikuwa nangoja nini?”

Wifi akamgeuzia mgongo. Alimpigia simu kaka yake, na kaka akasema akirudi asimkute mwanamke huyo nyumbani. Mama mkwe akabebwa. Ulimi wake ni mzito tangu augue. Alinung’unika kitu mlangoni, na sisi tukatafsiri kwamba anamlaani mkwewe.

Mtadhani Fundi sasa alilala. Kila baada ya saa mbili mikono yake iliinuka yenyewe kumgeuza mtu asiyekuwepo. Chakula kilimkataa. Alikunja nguo zake ndani ya furushi, akaweka kando nguo za watoto, kwa sababu hakujua kama ataruhusiwa kuondoka nao.

Siku ya tisa teksi ilirudi. Wifi huenda kazini asubuhi na kurudi jioni, na siku zote hizo mama alilala upande mmoja. Nyonga yake ilikuwa na kidonda kipana kama kiganja.

“Sijui ulikuwa unafanyaje,” wifi alisema, macho chini. “Siku tisa tu, na neno lako nimelisema. Tena kwa sauti, akinisikia.”

Mama mkwe akamshika Fundi kidole. Maneno yalichukua muda kutoka.

“Hata mimi… huomba hivyo.”

Fundi alipiga magoti, akalia. Alipomaliza, akaomba maji ya moto na kitambaa safi. Wifi ndiye aliyempigia kaka yake tena, akamwambia aje amgeuze mama wiki moja, kisha ndipo afukuze watu.

FUNZO

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tuliusoma mshono, maneno tukayaacha. Miaka mitatu tulipita mlango ule tukisikia mgonjwa akikohoa, na hakuna aliyegonga akasema, dada, lala kidogo, nitamgeuza mimi. Ukikuta siri ya mtu aliyeelemewa, usiulize ni ya nani. Uliza zamu yako ni lini.

Redio aliuliza akiwa amechelewa. Alisimama mlangoni kwa Fundi mchana, siku moja baada ya mama mkwe kurudishwa, mashuka ya mgonjwa aliyoyafua yakiwa begani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na habari yoyote mdomoni.

Fundi alimtazama, kijiko cha uji mkononi.

“Umechelewa miaka mitatu,” alisema. Kisha akasogea, akaacha nafasi kwenye mkeka. “Vua viatu, nawa mikono. Tunakula.”