Aliyeandika Kwanza

Githae wa Ruiru, mwenzetu wa kukusanya redio za zamani, hataki kukumbushwa siku hiyo. Kwenye grupu yetu ya WhatsApp, anayeandika "nachukua" kwanza ndiye mwenye mali. Philip aliandika kwanza. Githae akampigia muuzaji kando, Wangechi wa Kiganjo, akaongeza elfu mbili.

"Na yule Philip?"

"Wee, achana naye!"

Akaibeba redio ya marehemu babake Wangechi hadi nyumbani.

Jioni mvua ikanyesha, stima zikapotea. Gizani redio ikaanza kukwaruza, kwarr, kwarr. Githae akawasha tochi ya simu, akaifungua nyuma. Haikuwa na betri hata moja.

Mkwaruzo ukakoma. Sauti ya mzee ikauliza polepole, "Philip, mbona hujakuja kuichukua?"